Tiki Moja

Sohar, saa tisa usiku. Kiyoyozi kinakoroma,
mimi sikoromi.
Ujumbe wangu kwa mama una tiki moja tu, tangu jioni.
Moyo unabisha mbavuni kama mdai mlangoni,
na akili imeshakosa nauli,
imeshamzika Mghoi bila mimi.

Mchungaji wa Ijumaa alisema hofu si dhambi:
hata Bwana alitoka jasho bustanini.
Basi siombi kwa maneno ya kanisani.
Nakaa sakafuni, mgongo kwenye friji,
natoa pumzi taratibu, namtajia:
homa ya mwanangu. Karo. Pasipoti kabatini kwa madamu.
Hii beba wewe. Na hii.
Hii bado nimeishika.

Alfajiri, adhana. Tiki bado moja.
Napasha pasi. Mkono hautetemeki sana.