Herufi za Msasa

Mwalimu Adelgunda alinipa kiti,
kimo chake shubiri moja na ushei,
akaninong'oneza masharti mlangoni:
usiwasemeshe, usiwasaidie,
ukishindwa, kalia mikono.

Nikaketi. Magoti yakanifika kidevuni.
Mimi fundi wa Keko, mtu wa kabati na vitanda,
nilichotazama kwanza si watoto,
ni maungio ya kile kiti.
Mninga. Ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja.
Nikasema moyoni: aliyekitengeneza hiki
hakuwa na haraka.

Nilitarajia kelele.
Darasa ninalolijua mimi lilikuwa kwaya,
a, e, i, o, u, sauti sabini kwa pumzi moja,
fimbo ikipiga mapigo ubaoni,
ubao ukichoka ikihamia kwetu.
Hapa palikuwa na sauti ya maji.

Mvulana, kibandiko kifuani kinasema Ludovick,
anamimina kutoka jagi hadi jagi.
Jagi la kioo. Kioo, jamani, kile cha kuvunjika.
Ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo
kama wangu ninapopiga randa.
Yakamwagika.
Nikanyanyuka nusu, mkono umeshatangulia,
"Angalia we" imenifika kwenye meno.
Mwalimu hakugeuza hata shingo.
Mtoto akalitazama lile dimbwi
kama barua aliyoandikiwa yeye,
akaenda kuchukua kitambaa,
akafuta, akakamua, akakianika,
akaanza upya.
Nikakalia mikono.

Nyumbani Mwajabu ana bilauri ya plastiki
na wimbo tunaomlelea:
wacha, utavunja, wacha, utaungua,
lete nikufanyie.
Ana miaka minne. Wimbo wote anaujua.
Humwimbia mdoli wake.

Kisha dirishani, chini kwenye mkeka,
msichana na vibao vyake,
juu ya kila kibao herufi
iliyokatwa kwa msasa.
Namba mia na ishirini; naujua kwa rangi.
Amefumba macho. Vidole viwili
vinapanda, vinapinda, vinashuka,
vinapanda tena, vinapinda, vinashuka.
Mmm, anasema. Si kwa mwalimu. Si kwangu.
Mmm.

Miaka ishirini na mitatu msasa umekula alama za vidole vyangu,
simu mpya inakataa kunitambua,
na sikuwahi kudhani kwamba hiki ninachofutia
kinaweza kuandika.
Hiyo m mimi niliipata kwa viboko vinne,
kisa niliiwekea miguu miwili,
na hadi leo nikiandika jina la mwanangu
hutulia kidogo, nikahesabu miguu.

Ofisini, ada. Sitaficha:
muhula mmoja ni vitanda viwili vya futi sita kwa sita,
vimeuzwa, vimelipwa, si vya mkopo.
Nilicheka kwa adabu, nikaomba fomu.
Jina. Chanjo. Mzio. Simu ya jirani.
Halafu swali, limeachiwa mistari mitatu:
Mtoto wako anaweza kufanya nini peke yake?

Najua anachukia bamia.
Najua bajaji ikirudi nyuma hujificha kwenye suruali yangu.
Hili, kalamu iliganda nalo.
Sijawahi kumwacha nikaona.

Jioni tulikuwa na mwaliko Temeke.
Mwajabu kakaa kizingitini na sandali,
anatafuta tundu la bizimu,
anakosa, anatafuta, anakosa.
"Si umvalishe tu, tunachelewa!"
Mama yake huyo, sauti kutoka chumbani.
Nikavuta kigoda, nikajishusha hadi kimo chake.
Mguu, naona, si wenyewe.
Kwenye mfuko wa shati mistari mitatu mitupu,
na mikono nimeikalia yote miwili,
mwili mzima juu yake,
nayo bado inataka kutoka.