Nafasi ya Saini

Fomu ina kurasa kumi na moja,
na chini ya ule wa mwisho kuna mstari mtupu
unaoningoja mimi.

Jumanne, Middlesbrough, manyunyu yasiyojua kukoma.
Karakana ya Bwana Garbutt iko nyuma ya reli,
hutengeneza ngazi za chuma na vizimba vya mashine.
Nimepewa chai, maziwa yake yameizidi chai yenyewe.
"Kijana anaendelea vizuri," asema Garbutt,
"hana shida, hana maneno."

Hana maneno. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Ellis Raine, miaka kumi na saba,
mwanagenzi wa uchomeleaji, mwezi wa tisa huu.
Nionyeshe, namwambia, ulichokichomelea juzi.
Akanionyesha ufagio.
Hakuwa anatania. Aliuinua
kama mtu anavyoinua cheti,
kisha akanionyesha sakafu,
safi, imetakata kama sahani ya Idi.

Miezi tisa, na kioo cha barakoa yake
hakina hata kovu moja la cheche.
Glavu zinanukia duka.
Nami kwenye fomu nimeshaandikiwa:
mafunzo, saa sita kila wiki, zimetimia,
mwandiko ule ule, wino ule ule,
wiki thelathini na sita zilizojazwa asubuhi moja.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walisema.
Hawakusema umsainiavyo.

Fundi Mbwego, aliyenifunza mimi kule Tanga,
alikuwa na matusi ya kujaza gunia
na ujira wangu aliukalia hadi tarehe ishirini.
Simsifu.
Lakini siku ya kwanza niliposhika umeme
alisimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni,
wala hakwenda kunywa kahawa.

Niliwahi kusaini.
Stockton, miaka mitatu nyuma, binti aitwaye Tamsin Hesk.
Nilikuwa na wanagenzi wengine sita siku ile
na treni ya saa kumi.
Nilimwuliza, "Kila kitu sawa?"
nilimwuliza bosi wake akiwa kando yake.
Akasema sawa. Ungesema nini wewe?
Wiki ya tatu mkasi wa mabati
ukachukua vidole viwili.
Wakamhoji bosi, wakamhoji aliyeuza mashine,
wakapima urefu wa kizuizi kwa rula.
Mimi hakuna aliyenihoji.
Saini yangu ilikuwa nzuri mno.

Simu inatetemeka mfukoni: "Wangapi leo?"
Ni Philippa, wa ofisini, si mtu mbaya.
Chuo hulipwa kwa kichwa,
na kichwa kikiondoka, huondoka na fungu lake.

Bwana Garbutt, naomba utupishe kidogo.
Amekunja uso, ametupisha.

Nani anakufundisha, Ellis?
Ameutazama mlango.
Wanakulipa siku unazokuja chuoni?
Ameutazama mlango.
"Nikisema, nitafukuzwa?"

Kijitabu cha chuo kina jibu la swali hilo,
lina mistari minne na picha ya watu wanaocheka.
Nimeshindwa kulisoma.
Huenda, nimemwambia. Huenda ukafukuzwa.
Basi kukutafutia pahali pengine ni kazi yangu,
si yako, wala si ya mama yako,
na nisipoipata, uje ofisini unitaje kwa jina.

Kisanduku cha maoni ni kidogo kama kibiriti.
Nimeandika, maneno yakamwagika pambizoni,
yakapanda ubavuni mwa karatasi,
yakaenda kumalizikia nyuma.
Mstari wa saini nimeuacha ulivyo.

Kisha nikaomba vipande viwili vya chuma chakavu
na nusu saa. Garbutt kaguna, kavileta.
Nikasimama nyuma ya Ellis.
Akashusha barakoa.

Mshono umekwenda upogo kama njia ya siafu,
umevimba huku, kule umetoboka.
Nimeupiga picha, nikaupa tarehe.
Yeye anaugusa, ungali moto, anaondoa kidole, anaugusa tena.

Treni ya saa kumi nimeisikia ikipita.