Stakabadhi 437437

Ghala la kahawa, Moshi, Novemba.
Mlima umejifunika tangu asubuhi, hautaki kuonana na mtu.
Mbele ya mizani yangu amesimama shemeji Elinami
na magunia manne
kutoka kihamba nilichokipalilia miaka kumi na minne.
Hanisalimu. Nami sina haja.
Napima, naandika, nataka kuchana karatasi,
jicho linanasa kwenye namba nyekundu:

437437.

Inajirudia kama mtoto aliyetumwa dukani,
anakariri njiani asisahau.

Kwa mbili haikubali, mkia wake ni witiri.
Kwa tatu, najumlisha tarakimu: ishirini na nane,
inabaki moja, kama kiatu kisicho na mwenzake.
Tano isahau.
Saba inaingia! Inaingia bila hodi,
nyuma yake kumi na moja, kisha kumi na tatu,
maana tarakimu tatu ukizitamka mara mbili
zimeshabeba elfu moja na moja tumboni,
na elfu moja na moja ni hao watatu, basi.

Inabaki 437.
Kumi na saba? Nilidhani ndiye wa zamu.
Nambishia: masalio kumi na mbili. Hayumo.
Anaitika kumi na tisa,
kamshika mkono ishirini na tatu.

"Mbona huandiki?"
"Nahesabu."
"Magunia manne tu!"
"Ndiyo. Nahesabu."

Darasa la sita Mwalimu Makundi alitutajia jina lao,
wavulana wa nyuma wakacheka hadi akashika fimbo:
namba tasa.
Hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe.
Sikucheka. Neno nikaliweka, sijui kwa nini.

Nikalikuta tena kwenye kikao cha ukoo,
mbege ikizunguka,
Elinami akilitema kama kokwa:
tasa hana fungu.
Nikatoka na sanduku moja na mwavuli.

Sasa itazame, shemeji, karatasi yako.
Laki nne na ushei, vigawo thelathini na viwili
vimesongamana kama wageni wa kipaimara,
na waliozaa yote hayo ni tasa watano.
Hakuna mwingine.
Niletee namba yoyote, hata ya deni lako la pembejeo,
nikiifumua uzi kwa uzi nitawakuta wao.
Na wao nikiwafumua,
nawakuta wao.

Kati ya kumi na tatu na kumi na tisa pana kiti kitupu.
Nakikalia kidogo.

Simwambii. Nagonga muhuri.
Anaikunja mara nne, anaitia mfukoni,
shati limepungua kifungo kimoja. Anaondoka.

Mama wa Uru anasogeza gunia lake.
437438.
Hiyo ni shufwa, naiona toka mbali.
Lakini nusu yake
sijaijua bado.
Usiku nitakaa nayo, na taa, na penseli.