Rafu ya Juu

Agosti, Umm al-Quwain. Nje hewa imelowa
kama taulo la mtu mwingine.
Ndani ya duka baridi ni ya mochari
na wiski zimepangwa kwa vyeo:
chini zile za kofia ya bati,
katikati zile zinazojifanya,
juu kabisa, karibu na kamera,
zile za sanduku la mbao na majina ya mabonde
ambayo ulimi wangu huyaendea kwa magoti.

Siku wazee walipokaa kuhesabu mbuzi
Mzee Mwandawiro alisema neno moja tu:
"Na chupa ya Uskochi. Isiwe ya kuniaibisha."
Baba yake Wakesho. Miaka thelathini kwenye mkonge, Mwatate,
viganja vyake hadi leo vinanuka kamba.
Mimi namjua kwa mbangara,
ile inayochacha Ijumaa, Jumapili imekwisha.
Nani alimfundisha Uskochi?

Miaka kumi na miwili: dirhamu tisini na tano.
Miaka kumi na minane: mia nne na kumi.
Nikamuuliza Dilmaya, binti wa Kinepali wa kaunta,
hiyo sita ya ziada ina nini ndani?
Akacheka. "Mimi sinywi, kaka. Nanusa tu."
Akanidondoshea tone tone kwenye vikombe vya karatasi.

Ya kwanza ilinizaba kofi, radhi ikaomba baadaye.
Ya pili haikuwa na haraka. Iliingia
kama mgeni anayevua viatu mlangoni,
ikaketi. Moshi wa kuni mbichi,
ganda la chungwa lililosahauliwa mfukoni mwa koti,
na mwisho, nilipodhani imeshaaga,
chumvi.

Mimi ni mtu wa zege. Najua
zege lisilosubiriwa siku ishirini na nane
hukukubalia kila kitu, kisha likakuangusha.
Basi kungoja nakuelewa. Kuna mtu
alilipia paa juu ya pipa lile,
kuna mtu aliligonga kila kipupwe kwa kifundo cha kidole
akasikiliza, akasema: bado.
Na kila mwaka, anasema Dilmaya, pipa hupungua,
fungu hupaa hewani lisionekane,
kinachobaki ndicho ghali.

Mimi huku nina mwaka wa kumi na mmoja.
Kupungua, nimepungua.
Hakuna aliyenibandika bei mpya.

Mia nne na kumi ni bati kumi na nne
za jiko la mama.
Nilisimama pale hadi kamera ikanizoea.
Rahisi huvunja upishi, nikajiambia,
ingawa anayesema hivyo mara nyingi
huwa tayari ameshatoa pochi.

Kambini, Sefu wa Wete hakugombana nami.
Alivuta tu mkeka wake wa sala
hadi ukuta wa pili.
Nimeiviringisha chupa kwa kikoi,
nimeilaza chini ya kitanda, katikati ya buti za kazi.

Usiku huu nimebandua bei kwa ukucha.
Karatasi imetoka. Gundi imegoma.
Nimesugua kwa mate, nimesugua kwa mafuta ya taa.
Mzee atapitisha kidole gumba hapo,
kidole kilichopima nyuzi miaka thelathini,
na atajua
palikuwa na namba.