Mwezi Ulikuwa Wapi

Alhamisi, saa nne, Nkwimba hushuka stendi ya Kayenze
na mkoba wa turubai, na njaa asiyoificha.
Ana miaka ishirini na tisa. Mimi hamsini na mbili,
karani mstaafu wa kinu cha pamba,
niliyezoea kupiga mistari miwili chini ya jumla.
Wakubwa walinipa huyu awe mlezi wangu.
Mwanzoni nilimwita "binti". Hakukasirika. Alinyamaza tu,
mpaka neno lenyewe likaona aibu.

Ameanzisha makanisa mawili. Moja lipo Nyakato, lina bati.
La pili, kule Buchosa, lilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili.
"Hilo lililokufa," husema, "ndilo linalonilipia nauli ya kuja kwako."

Nilimfungulia daftari.
Jumapili ya kwanza: thelathini na wanne.
Ya pili: thelathini na wanane, na mtoto mmoja aliyetapika.
Kisha kumi na wawili. Kisha tisa.
Nikamweleza habari za adui, vita vya rohoni,
mfungo wa siku tatu niliowatangazia wale tisa
(ambao hawakuwa na kosa, wao walikuja).
Akapitisha kidole kwenye tarehe.
"Mwezi ulikuwa wapi?"
Sikuelewa.
"Mwezi, mchungaji. Wa juu."

Basi.
Mbalamwezi dagaa hawavuliki,
mitumbwi hulala kifudifudi, wavuvi hutafuta pa kukaa.
Wakanijia.
Giza liliporudi wakarudi kazini na taa zao za sola,
nami nikasimama ufukweni, mji mzima ukiwaka juu ya maji,
nikasema: ona, watu wameiacha nuru.

Akauliza tena. "Bwire ana watoto wangapi?"
Bwire, aliyenikopesha viti ishirini vya plastiki
akavichukua siku tuliyogombana juu ya spika.
Sijui.
"Mkewe anaitwa nani?"
Mama… mama nani, sijui.
"Wiki hii umekula kwa nani?"
Kwangu.
Hakuandika kitu. Nilitaka mpango wenye hatua saba;
aliniachia maswali matatu na mifupa ya sato.

Jumatatu alfajiri nikashuka mwaloni bila Biblia mkononi
(ilikuwa mfukoni, mazoea).
Mkewe anaitwa Nyangeta. Hugeuza dagaa kwenye chanja
kwa ufagio wa chelewa, haraka, kama anayepangusa vumbi.
Watoto wanne. Wa tatu, Mugeta, haongei.
Alinieleza hivyo bila kuinua uso,
kama mtu anayetaja bei.
Nikaomba ufagio. Niligeuza vibaya,
korongo wakala fungu langu lote.

Bwire akatokea, akanitazama nilivyolowa jasho.
"Viti sirudishi."
Nikasema sikuja kwa ajili ya viti.
Ilikuwa nusu kweli, naye alijua ni nusu gani.
Tukanywa uji kwa kikombe kimoja, cha bati, kilichobonyea.

Siku hizi tunakutana Jumanne alasiri kando ya chanja,
mwezi uwe popote unapotaka.
Tunakalia magunia. Mugeta ndiye mlinzi wa kunguru.
Bwire hukaa mbali kidogo, anashona wavu, amina hasemi,
ila sindano husimama tunapomtaja mtoto.
Huo ndio wote. Sijui kama ni kanisa.
Daftari lina majina, na chini yake sijapiga mstari.

Jana Nkwimba alisema: Alhamisi ijayo siji.
Yupo kijana Igombe, Malimi, ana watu watano sebuleni.
Anataka mpango. Nenda wewe.

Nimefika na majibu yamenijaa mdomoni kama karanga.
Malimi amekwisha fungua daftari lake,
ameanza na jumla.
Natafuna. Nameza.
"Kwanza," namwambia, "leo mmepika nini?"