Nusu Dakika

Kazi yangu ni kukumbuka.
Kifungo cha pili kilikuwa wazi au kimefungwa?
Chai ya maziwa ilifika wapi kikombeni
mwongozaji alipopiga kelele, Kata!
Naandika yote katika daftari la kijani,
ili mtazamo mmoja uliopigwa picha siku tatu
uonekane wa jioni moja.

Visa vitano, filamu moja, mji mmoja: Maskati,
mji mrefu kama kamba ya kuanikia,
mlima huku, bahari kule, na katikati
magari yanayokwenda kwa watu wasioambiwa.

Ruwi tulianza. Fundi Rofikul, mtu wa Chittagong,
anampenda mwanamke asiyewahi kumwona.
Mabaibui yake huletwa na dereva
ndani ya mfuko wa duka la viatu,
na kikaratasi: bega kumi na tano, mkono ishirini na mbili.
Kila Idi fundi anashona na kunyamaza.
Mwaka wa nne kikaratasi kinakuja, kiuno kimeongezwa.
Anakisoma mara mbili.
Anaacha upindo mpana kwa ndani,
wa kufumuliwa miezi itakayofuata,
na haongezi kitu kwenye risiti.
Basi. Wafadhili walitaka wakutane.
Mwongozaji akasema, Wakikutana ni filamu nyingine.

Cha tatu kina gari jekundu, uwanja wa ndege, machozi.
Niliyahesabu: kushoto mawili, kulia moja.
Sikukipenda, lakini nilihesabu.

Cha nne kilizolewa na mvua. Wadi ilishuka Al Amerat
ikabeba taa mbili na kitanda cha bibi harusi.
Cha tano kilikosa fedha.
Bango bado linasema vitano.

Cha pili nimekiruka makusudi.

Kliniki ya sukari, Matrah, saa mbili asubuhi.
Bi Shinuna na Mzee Harith, walioachana miaka thelathini,
wamekaa, kiti kitupu katikati, kila mtu na namba yake.
Muswada uliwataka wagombane kwa Kiarabu safi.
Mara ya sita Bi Shinuna akachoka,
akamgeukia kwa lugha aliyozaliwa nayo Unguja:
"Mtu mzima, viatu bado wavikanyaga visigino!"
Mzee, ambaye si mwigizaji, muuza betri wa Wadi Kabir,
akainama, akavivaa vizuri.
Hakuna aliyesema kata.

Kisha ukimya. Kila chumba kina ukimya wake,
na mtu wa sauti lazima aondoke nao:
nusu dakika, watu wote wasimame kama makabati.
Ghalib akavaa hedifoni, akafumba macho.
Kiyoyozi kilizimwa. Jasho likatafuta njia mgongoni.
Sekunde ya kumi na moja, bangili zangu zikagongana.
Akafumbua macho. Akanitazama.
Mkono hakuuinua kusimamisha.
Daftarini, saa ile, sikuandika kitu.

Usiku wa kuonyeshwa nimekaa na mama,
anatafuna bisi, analalamikia baridi ya ukumbi.
Bi Shinuna anatoa lake la viatu,
na nusu ya watu wanacheka
kabla maandishi hayajatokea chini.
Mzee anainama. Kimya.
Na ndani ya kimya, kwa mbali,
cheng'.

Angeweza kuifuta.
Miezi minane alikuwa nayo peke yake chumbani.

"Nini hiyo?" mama ananinong'oneza.
"Kikombe, mama."
"Kikombe hakilii hivyo," anasema,
na macho yake, taratibu,
yanashuka mkononi mwangu.