Kuchagua kwa Unyayo

Tulikwenda wawili, Obbo na mimi,
pensheni yangu ya polisi nimeifunga kwenye leso,
kununua njia.
Ndiyo, njia: hatua thelathini na moja
kutoka langoni mpaka mlangoni,
na kibaraza cha kukalia jioni
upande ule ambao mwamba wa Tororo
unatukingia upepo.

Magidu wa duka la vigae ana ulimi wa asali.
Hiki kijivu cha moshi, hiki rangi ya mchanga,
na hiki, mama, mfano wa mbao,
fundi seremala mwenyewe atakiletea randa!
Nikamtazama Obbo. Alikuwa anatabasamu kwa adabu
akielekea kabati la mabomba.
Miaka miwili sasa presha ya macho
imemfungia dirisha moja, kisha la pili,
na mimi sajini mstaafu, niliyezoea kufoka,
nimejifunza kusema taratibu:
ngazi. Mfereji. Mlango.

"Rangi tumezisikia," akasema.
"Sasa niwekee chini."

Akavua kiatu cha kulia, akavua na soksi.
Magidu akadhani mzee kachoka, akaleta kiti.
Obbo akasimama juu ya kile king'aacho,
akaomba kimwagiwe maji.
Nikamwaga nusu chupa.
Kisigino kikateleza, kidogo tu;
mkono wake ukanitafuta hewani, ukanipata.
"Hiki," akasema, "ni cha sebule za wenye macho."

Cha pili kilikuwa na chengachenga, kama ulimi wa ng'ombe.
"Kauri ya nje hiyo, mzee, milimita ishirini,
hainywi maji, haishiki doa la mchuzi."
Akaigonga kwa fimbo: ti. Ti.
"Inajibu kwa mkato," akasema, "kama karani wa benki.
Lakini haidanganyi."

Tukapanda bodaboda hadi machimboni.
Kina Nyapendi walikuwa wanaponda kokoto
chini ya paa la magunia,
na mabamba ya mawe yameegemezwa ukingoni
kama vitabu visivyo na jalada.
Obbo akayapitia moja moja kwa fimbo.
Du. Du. Do.
Kwenye la saba akasita: "Hili lina ufa."
Nilitazama, sikuona. Nyapendi akalimwagia maji,
na ufa ukajichora wenyewe, mwembamba kama unywele.
"Mwachie huyu mzee kazi hapa," akacheka.

Nikabisha, kwa sababu futi ilikuwa mkononi mwangu.
Nikasema mawe yataota ukungu chini ya mparachichi,
nikasema mvua ya Aprili unaijua,
nikasema hakuna mawili yanayolingana,
utajikwaa, Obbo.

"Yakilingana yote,
nitajuaje nimefika wapi?"

Basi kauri tukaipa kibaraza,
viti visichechemee, wajukuu wamwage watakacho,
na fundi akauinamisha kidogo, maji yajue pa kwenda.
Mawe tukayapa njia.
Ila mahali patatu, Obbo alitaka ukanda wa kauri ukatize:
penye bomba,
penye kona ya mparachichi,
na chini ya ngazi.
Fundi akanikonyeza: hayaendani, mama, watu watacheka.
Nikamwambia watu watacheka wakiwa wamesimama wima. Weka.

Vigae vinne vilibaki. Vimeegemea banda la kuku,
kuku mmoja amevifanya ukuta wake.

Juzi nilirudi kutoka matangani, giza, umeme umekatika.
Langoni nikavua viatu, nikafumba macho kusudi.
Moja, mbili. Jiwe baridi, jiwe lenye joto bado,
lile lenye kishimo lililobeba maji ya mvua.
Kumi na tisa nikapotea.
Nikasimama katikati ya bustani yangu mwenyewe
mkono mbele, kama mwizi aliyesahau alikuja kuiba nini.

Kutoka kibarazani sauti ikaja,
sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuvaa sare:
"Sajini! Umepita kauri ya bomba.
Hatua mbili mbele.
Kushoto... geuka!"

Nikageuka.